Mzee Teodori Anastaafu, na Safari Hii Si Utani

Baada ya miaka ishirini na mbili ya kusoma habari za kuchekesha kwenye televisheni yetu hapa Sumbawanga, Mzee Teodori Ngeleja anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tafadhali msicheke. Tatizo lenyewe ndilo hilo: hakuna anayeamini.

Alianza kama mwandishi wa kawaida, wa bei za mahindi na mikutano. Siku moja alisoma taarifa ya mheshimiwa aliyezindua bomba lisilo na maji. Aliisoma kwa heshima zote, uso mkavu, bila kuongeza hata neno, na mji mzima ukaangua kicheko. Hapo kikazaliwa kipindi cha "Habari Zilizokataliwa". Sharti lake lilikuwa moja: habari iwe ya kweli kwanza, utani uje nyuma. Hata shimo la barabarani alilipima mwenyewe kabla ya kulitania.

Nani amesahau lile shimo la njia ya Laela? Alitaja urefu na kina chake sawasawa, kisha akatangaza kwamba sasa ni ziwa na leseni za uvuvi zinatolewa. Kesho yake wavuvi wakapanda kutoka Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, na nyavu zao, na ofisa mmoja akafika kudai ushuru wa samaki. Shimo likafukiwa wiki ileile. Wavuvi wakaja ofisini kwetu kulalamika kwamba ziwa lao limeharibiwa!

Sasa yamemkuta mwenyewe. Alipotangaza hewani kwamba anastaafu, watazamaji walivunjika mbavu. Mkurugenzi wetu, Bi. Winifrida, naye alicheka, na mpaka leo hajatafuta wa kumrithi. Lakini kilichomuuma Mzee ni kijijini kwake, Mwazye. Mkewe, Mama Cornelia, amelima ulezi peke yake miaka yote hiyo akimngoja. Kila mwaka aliambiwa mume anarudi, na kila mwaka kipindi kilimbakiza hapa mjini, kwenye chumba chake cha Chanji. Safari hii alipopigiwa simu, mama alicheka mpaka simu ikazima. Wiki iliyopita Mzee akalia hewani, machozi ya kweli kabisa. Tukamiminiwa pongezi kwamba hajawahi kuigiza vizuri namna ile. Jamani!

Basi Jumamosi tunampeleka Mwazye sisi wenyewe, godoro lake juu ya gari la kituo, na wasifu huu utasomwa mlangoni kwake.

Mzee wetu, asante kwa kutuchekesha hata pale tulipostahili kulia. Tutakukumbuka sana. Kapumzike, uzeeke kwa raha.

Nawe Mama Cornelia, shikamoo. Asante kwa kutuazima mumeo. Habari hii tumeihakiki: amerudi. Mfungulie mlango.