Kiapo cha Fundi Rula

Wachungaji, wafiwa wenzangu, majirani na marafiki, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Rula kwa sababu hakuyaamini macho yake bila kupima, na naomba mnivumilie, maana mwenyewe aliagiza akiwa hospitali kwamba pasiondolewe kitu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, na baba alipofariki akaacha masomo, akaingia karakana ya mjomba wetu kujifunza useremala, mpaka mjomba alipomwachia funguo mwaka 1978.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, Mama Pacha, mshonaji wa mtaa ule ule wa karakana, na Mungu akawajalia mabinti wawili waliozaliwa siku moja, tarehe 2 Juni 1983.

Kuanzia 1989 kanisa lilimkabidhi darasa la wachumba, kila Jumamosi saa tisa alasiri, akawafundisha kwamba ndoa ni agano mbele za Mungu, wala si mapatano ya kuvumiliana, kwamba wawili wakishakuwa mwili mmoja hakuna dhambi ya mmoja isiyomuumiza mwenzake, na wako humu leo watu na wake zao waliotoka katika darasa lile.

Mwaka 1999 alipata kazi ya kutengeneza madawati katika shule ya mbali, akawa anakaa huko Jumatatu hadi Ijumaa kwa miezi minne, na huko akawa na mwanamke mwingine. Hakuna aliyemfumania wala aliyepeleka maneno, lakini Alhamisi tarehe 18 Novemba alirudi kabla ya siku yake, akamkuta mkewe akipiga pasi, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni.

Shemeji akamuuliza, "Na Jumamosi ulikuwa unarudi kufundisha?"

Akajibu, "Nilikuwa narudi."

Shemeji akaimaliza pasi yake, akalitundika shati la mumewe, akaenda kulala chumbani kwa mabinti.

Jumapili alitubu mbele ya kanisa, na kanisa likamsamehe, ila nyumbani mambo yalikuwa mengine, akahamishia godoro lake karakana, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni, akidhani ni kwa wiki moja mbili. Mwaka wa tatu alimuuliza, "Mama Pacha, nirudi ndani?" naye akamjibu bila hasira, "Nilishakusamehe. Mwili ndio unaokataa."

Hakuuliza tena. Aliishi hivyo karibu miaka ishirini na mitatu, pete kidoleni, bila mwanamke mwingine, akikataa kurudishiwa darasa, na mimi, Mungu anisamehe, nilipomshauri aanze upya alinitazama akasema, "Nianze upya na nani, mdogo wangu? Mke ninaye." Wapo waliomsifu kwa uaminifu huo, lakini yeye aliniambia kwamba kila asubuhi anaamka asijue kama kuna kitu anachongoja, au kungoja kwenyewe ndiyo adhabu.

Machi 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2022, yeye akiwa amelazwa, shemeji aliwaambia mabinti watandike kitanda kikubwa, kwamba baba yao akiruhusiwa atalala ndani, na hakupiga simu, alitaka kumwambia kwa kinywa chake. Kesho yake alifika wodini saa nne na nusu asubuhi. Kaka alikuwa amekata roho saa nne. Shemeji ameniruhusu niyasome haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na mafundi wenzake waliolichonga sanduku hili wasitake malipo.

Kaka, lala, mwili wako umechoka. Neno ulilolingoja lilikuwa njiani, na sisi tuliobaki nalo hatujui tulipeleke wapi.