Bastola Iliyoachwa Nje ya Kanisa

Benchi la mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine, kona moja kaskazini mwa St. Louis, Marekani, lina wenyewe kila Jumamosi asubuhi, na mgeni akilikalia ataambiwa kwa adabu asogee. Profesa, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, hukaa penye kivuli. Shemasi hukaa katikati kwa sababu ya mgongo. Kijiko, fundi bomba anayetia sukari sita kwenye kikombe kimoja, hakai kabisa, huegemea nguzo ya taa. Mwisho kabisa yupo Thurman Gaddis, dereva mstaafu wa basi, mwenye chupa ya kahawa. Jumamosi hii alimimina bila kumtazama mtu usoni.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Kelvon Pruitt, miaka kumi na tisa, auawe kwa risasi kituo cha mafuta, kisa nafasi ya kuegesha gari. Aliyempiga alikamatwa, akasema bastola aliinunua mtaani, mali ya wizi. Tangu Thurman asikie hayo, anaifikiria yake. Mwezi wa tatu aliacha bastola yake garini nje ya kanisa, kwa kuwa mlangoni pamebandikwa tangazo la kukataza silaha, na nusu ya waumini huacha zao garini vivyo hivyo. Tangazo lenyewe alilibandika yeye, mkuu wa wapokeaji wageni. Alipotoka ibadani alikuta kioo kimevunjwa na kidroo cha gari kitupu. Akaweka kioo kipya, akafunga mdomo. Aliona aibu, na jimboni kwao hakuna sheria iliyomlazimisha kuripoti silaha iliyoibwa.

Profesa alikuwa ameshika kasi. Kisa chote ni viwanda, alisema. Kilipofungwa cha viatu, akina baba wakakosa kazi, na watoto wakakosa pa kwenda.

— Kelvon alikuwa na kazi, alisema Shemasi. Mbili.

— Nazungumzia jumla, bwana.

— Jumla haizikwi, Profesa. Tumemzika mtoto wa Odessa.

Shemasi akaleta lake: shule zimeacha sala, na mwanamume hafundishwi kuomba radhi. Siku hizi ukimkanyaga mtu kiatu, andika wosia kabisa. Kijiko akawacheka wote wawili. Mchawi ni kiyoyozi, alisema. Zamani joto lilimtoa kila mtu barazani, ukamjua jirani na ndugu zake mpaka mbwa wake. Sasa watu wamejifungia ndani, na usiyemjua ni rahisi kumpiga.

— Kwa hiyo tuzime viyoyozi? Profesa aliuliza.

— Tugawe mbwa. Kila kijana apewe mbwa na serikali. Mwenye mbwa lazima awe nyumbani saa kumi na mbili, amlishe. Ataua saa ngapi?

Hata Shemasi alicheka. Thurman hakucheka. Wakamtania kwamba leo dereva kasahau njia, akasema usingizi tu.

Hapo akatokea Odessa Pruitt, mama yake Kelvon, kavaa fulana yenye picha ya mwanawe, kabeba kikapu cha nguo. Hakuwa amewahi kusimama pale. Shemasi alijaribu kuinuka, mgongo ukamkatalia. Thurman akampa kikombe chake mwenyewe.

— Asante, Kaka Gaddis. Nawasikia tangu mle ndani. Mnajua mengi. Basi niambieni, ile bastola ilitoka kwa nani?

Profesa alianza kueleza habari za soko la silaha katika jimbo. Odessa akamsubiri amalize.

— Ya wizi, nimeambiwa. Aliibiwa nani?

Thurman aliona anaweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua mpaka afe. Ila Kelvon alikuwa akimpisha mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, akimwita mzee wangu, na Thurman akashindwa kunyamaza.

— Dada Odessa, yangu iliibwa mwezi wa tatu. Garini, nje ya kanisa. Huenda ndiyo, huenda siyo. Sijui.

Kijiko akaachia nguzo ya taa. Shemasi akasema upesi kwamba bastola zimejaa mji huu, kwa nini iwe hiyo, na Thurman akamwomba anyamaze.

— Polisi walisema nini? aliuliza Odessa.

— Sikuwaambia.

— Mchungaji?

— Hata yeye.

Odessa hakupandisha sauti. Aliweka kikapu chini.

— Miezi saba, Kaka Gaddis. Tumeimba kwaya pamoja. Mbona hukusema?

Thurman alitaka kutaja ile aibu ya kioo kilichovunjika, ile aibu ya tangazo alilolibandika kwa mkono wake, akaona hakuna hata moja anayoweza kumtajia mama huyu. Odessa alisimama pale akimsubiri.