Ujumbe wa Viazi

Nje ya mkahawa wa Pacitti, pale Auchenlea, kuna benchi moja, na benchi hilo lina pembe moja ya maana: ile inayogusa ukuta wa jiko, ambako mtu hupashwa moto makalio bure kipupwe chote cha Uskoti. Pembe hiyo ni ya Rab Domo, na aliipata kwa mdomo tu. Miaka tisa amewaapia watu kuwa ni yeye aliyemfundisha soka Dod Kilgour, yule mtoto wa wachimba makaa anayewatesa Waingereza kwao kwa mguu wa kushoto. Sasa Dod alikuwa ameshuka basi la asubuhi, na Rab alikuwa ameishikilia pembe yake kwa mikono miwili. Wenzake walishatoa sharti: Dod akipita bila kumwita mwalimu, pembe inahama.

— Mbona kimya, mwalimu? Kahawa imekuunguza? aliuliza Shug Moshi, kiko mdomoni.

— Nanyamaza kwa heshima. Mwanafunzi wangu yuko njiani.

— Mwanafunzi wako kakalishwa nje mechi tatu, akadakia Profesa, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na miwili na tangu hapo hajaacha kufundisha. — Gazeti limesema kocha kampumzisha. Sababu hawajaandika.

— Wataandikaje aibu ile! Rab akapata pumzi. — Dod kapiga shuti, wavu ukachanika, mpira ukaruka ukuta ukaingia kanisani, ukamvua mchungaji miwani katikati ya sala. Wanangoja nyavu za chuma.

— Fiksi hizo! akasema Shug. — Ni nyasi, bwana. Akikimbia zinashika moto. Zimamoto wamegoma kufanya kazi Jumamosi.

— Mbumbumbu nyote, akasema Profesa. — Hii ni sayansi. Dod akikata kushoto, upepo nao unageuka. Meli tatu zimepotea baharini. Serikali imeingilia kati!

Walikuwa bado wanacheka mwanamke mmoja aliposimama mbele yao, kikapu kitupu mkononi, lafudhi ya Waingereza wa kusini.

— Samahanini wazee. Mimi Beryl, mke wa Dod. Rab ni yupi?

Rab akanyoosha kidole, nusu tu.

— Kumbe wewe ndiye uliyemponza mume wangu!

Rab akakirudisha kidole mfukoni.

— Kila Ijumaa kocha akimuuliza anakwenda wapi, yeye anajibu: "Nafuata ujumbe." Kocha akaona huyu jasusi, anauza siri za timu! Akamweka nje. Wiki ya tatu wakamnyemelea mpaka mwisho wa safari. Kanunua viazi na mkate, karudi nyumbani.

— Sasa, shemeji, alisema Shug kwa mshangao, si ndiyo kufuata ujumbe huko?

Auchenlea nzima hakuna jina jingine la kwenda dukani.

— Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema kwa Rab.

Hapo ng'ambo ya barabara kopo likalia. Dod mwenyewe, kikapu mkono huu, kikapu mkono ule, analisukuma kopo kwa mguu wa kushoto kama vile limefungwa uzi.

— Mwalimu!

Rab nusura aanguke benchini.

— Mwalimu, nilipokuwa mtoto ulikuwa unanituma kufuata ujumbe kila siku, vikapu viwili, mikono imejaa. Kopo la njiani ningelicheza kwa nini kama si miguu? Na kiatu cha kulia kilikuwa kimetoboka, basi nikabaki na kushoto. Jumamosi narudishwa uwanjani!

Miaka tisa ya kudanganya, na Rab hakuwahi hata siku moja kudhani ni kweli. Akajibana na ukuta wa jiko kama mtu aliyekabidhiwa hati ya nyumba.

— Si niliwaambia! Ilikuwa mbinu ile! Viatu pia nilivitoboa mimi!

Wakacheka mpaka kahawa ya Profesa ikamwagika. Beryl alicheka nao, kisha akakuna kichwa.

— Lakini wazee, huo ujumbe wenyewe unasemaje? Na anautuma nani?

Shug akatoa kiko mdomoni. Profesa akaanza kufuta kahawa iliyomwagika. Wote wakamgeukia mwalimu. Rab akachungulia kikombe chake: kitupu.

— Shemeji, alisema, wahini. Duka linafungwa saa sita.