Koo la papa Adalbert, mupishi aliyefundishwa upya kumeza

Tarehe 31 Desemba 2023, papa Adalbert Zihindula, mukubwa wa jikoni ya hospitali yetu hapa Goma, anavua aproni yake baada ya miaka makumi mbili na tisa na miezi mitano ya kazi. Mimi, Mama Katungu, niko naye kwenye moto ule ule tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nitasema yote, na yeye akae kimya akule keki yake.

Aliingia Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda walijaa barabara toka mupakani mpaka Munigi, kolera inafyeka watu, na hospitali ilitafuta mutu wa kuchemsha maji. Adalbert alikuwa mushonaji wa nguo. Walimuuliza kama anajua jikoni, akajibu anajua sana. Alidanganya. Siku ile aliunguza maji. Ndiyo, maji: yalikauka yote, na sufuria ikatoboka.

Alijifunza. Mwaka 2002, lava ilipopita mujini, alikimbia mpaka Gisenyi na sufuria ya lita hamsini juu ya kichwa, wakati mukewe Marcelline anavuta watoto wanne. Mpaka leo Marcelline anamuuliza sababu. "Watoto walikuwa na miguu," anajibu. "Sufuria haina."

Sifa yake ni buyi, uji ule wa mutama, soja na mahindi, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, vita viwepo, visiwepo. Buyi nzito! Kijiko kinasimama ndani kama askari wa zamu. Wagonjwa walilalamika, manesi walilalamika, administration iliandika barua mbili. Papa Adalbert alifunikia barua hizo sufuria. "Mutu ametoka Masisi kwa miguu," alisema, "na mimi nimupe maji yenye rangi?"

Oktoba 2022, watu wa Rutshuru walikimbia tena vita, wakalala juu ya mawe kule Munigi, na sisi tukapika mara tatu ya kawaida. Jumanne moja papa aliinua mwiko aonje maharagi, mwiko ukaanguka. Mudomo ulienda upande wa kushoto, mukono wa kuume ukakataa kazi. Kiharusi.

Mungu alimuachia roho, lakini koo lilifungwa. Hata mate yake yalimushinda. Wakamuingiza sonde, mupira mwembamba unaotoka puani mpaka tumboni, na maziwa yakawa yanapita humo bila kusalimia ulimi. Mutu aliyeonja kila sufuria ya nyumba hii akawa anajazwa kama gari kwenye stesheni ya mafuta.

Nshobole, kine wetu, yule binti anayefundisha viungo kutembea upya, alitueleza bila kuzunguka. Papa ana mwezi mumoja. Akijua tena kumeza, sonde inatoka, anarudi kwetu. Asipojua, watamutoboa tumbo wamulishe hapo, na atapelekwa nyumbani Katoyi kungoja. Kungoja nini, hakusema. Marcelline alielewa, akatoka inje.

Kazi ikaanza. Kukaa wima. Kidevu kwenye kifua. Kijiko kidogo cha chai. Meza kwa nguvu, meza tena, halafu sema "aaa". Sauti ikiwa kavu, chakula kimepita njia yake. Ikiwa na majimaji, kimeelekea mapafuni. Muzee wa miaka sitini na tatu akifundishwa kumeza na mutoto wa makumi mbili na sita! Alikuwa mwanafunzi mubaya. Mudomo haukuweza kutukana, basi alitukana kwa macho.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe, maana wengine watalisema vibaya. Kwetu, mugonjwa anapewa kitu chepesi. Nani hajui? Nilimuhurumia, nikapika buyi inayokimbia kama maji ya mvua, nikamupelekea wakati Nshobole hayupo. Mamas wa shirika, kikundi chetu cha sala, walikuwa wamekuja kumuombea. Wakamuinua kichwa nyuma, namna tunavyonywesha watoto dawa, nami nikamwaga kijiko. Papa akawa na rangi ya mbilingani. Alikohoa mpaka kitanda kikatembea, na mama mumoja akaanza kabisa wimbo wa mazishi.

Nshobole aliingia mbio, akamuinamisha, akamusafisha.

"Mama Katungu, unataka kumuzamisha papa hapa kitandani?"

"Nilimupikia chepesi, mwanangu!"

"Chepesi ndicho kinaua! Kinakimbia kuliko koo lake. Anahitaji kitu kizito, kinachoshuka pole pole. Unga wa dawa wa kufanya maji yawe mazito umekwisha, na barabara imefungwa. Katika hospitali hii, nani anajua kupika buyi nzito?"

Sote tuligeuka kumuangalia papa Adalbert. Alikuwa bado anakohoa, lakini ule upande muzima wa mudomo ulikuwa unacheka. Miaka makumi mbili na nane alingoja hospitali iseme neno hilo.

Nikapika yake. Kijiko kilisimama. Siku ya kwanza alimeza vijiko vitatu, kesho yake vitano, kisha kumi na viwili. Siku moja akakasirika, akafunga mudomo kama mulango wa benki. Marcelline hakubishana. Alikaa pale pale kwenye kitanda, akakula bugali na sombe, majani yale ya muhogo, na samaki, pole pole, akilamba vidole. Papa alimeza mate yake mara nne bila kujua. Nshobole alihesabu.

Siku ya makumi mbili na saba, Dokta Luc alileta mutihani: vijiko kumi vya supu yangu ya maharagi. Sita vilipita. Cha saba, papa alifumba macho, na koo halikusogea. Mwishowe koo likapanda, likashuka.

"Sema aaa, papa," Nshobole alimuomba.

Hakusema aaa. Alisema: "Haina chumvi."

Sauti ilikuwa kavu kama kuni. Dokta Luc alingoja vijiko vitatu vya mwisho, akavuta sonde mwenyewe. Mimi nililia, na nikamutukana papa, maana chumvi niliweka.

Februari alirudi, mwiko kwenye mukono wa kushoto. Tangu hapo, kila mutu wa kiharusi anayefungwa koo anamuona papa Adalbert anaingia na kikombe chake kizito, anakaa, hana haraka. Tisa wameachana na sonde. Administration imeandika barua ya tatu, inaomba kufundishwa kupika buyi.

Asante, papa, kwa kila sahani, na kwa kutotuacha. Hapa Goma watu hawaombeani njaa. Tumeiona ya kutosha. Lakini wewe tunakuombea: njaa ya mutu aliye hai, kila siku saa sita kamili, Marcelline yuko mbele yako, chakula kiko mezani, na koo linakubali.