Mfuko Uliowekwa Kando

FUNDI: Haloo? Ni nani?

MUUGUZI: Fundi, ni mimi, muuguzi wa benki ya damu. Niliyekutoa damu juzi.

FUNDI: Aa, dada. Ngoja nitoke nje, humu ndani wanaimba... [kelele, mlango] Haya, sema.

MUUGUZI: Pole sana na msiba.

FUNDI: Tumeshapoa. Tulimzika mama jana.

MUUGUZI: Mama alinichekesha wodini. Alisema mwanawe anachomelea mageti, cheche zinamrukia usoni hajali, lakini akiona sindano—

FUNDI: —anataka kuzimia. Alikuwa ananisema hivyo kwa kila mtu.

MUUGUZI: Nimekupigia kwa sababu—

FUNDI: Dada, nianze mimi. Shangazi alikuwa naye mpaka mwisho. Anasema mama aliongezewa mfuko mmoja tu, halafu wakasema damu ya kundi lake imekwisha.

MUUGUZI: Ni kweli.

FUNDI: Mimi na mama kundi moja. Uliniambia mwenyewe.

MUUGUZI: Ndiyo.

FUNDI: Na damu yangu mlikuwa nayo tangu asubuhi. Haloo? Unanisikia?

MUUGUZI: Nakusikia. Fundi, damu haitoki kwa mtu ikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Inapimwa kwanza. Ikionekana haifai, inawekwa kando, hata kama—

FUNDI: Haifai vipi? Mimi mzima. Nabeba vyuma kutwa.

MUUGUZI: Najua.

FUNDI: Mlikosea. Mmechanganya na ya mtu mwingine.

MUUGUZI: Tulirudia kupima. Nilisimama pale pale, nikijua mama anasubiri. [mtandao unakwaruza] Nilitamani sana tuwe tumekosea.

FUNDI: Nina nini?

MUUGUZI: Si mambo ya simu. Njoo kesho, upimwe tena kwa uhakika. Utanikuta mimi, hutaongea na mtu mwingine. Na lolote litakaloonekana, tutalishughulikia. Dawa zipo, watu wanaishi, Fundi.

FUNDI: Hapa ndugu wananitazama tu. Wanadhani niliogopa sindano, sikutoa.

MUUGUZI: Waambie ulitoa. Ulifumba macho, ukang'ang'ania kiti, ukatoa. Nilikuwepo.

FUNDI: Na wakiuliza ilikwenda wapi?

MUUGUZI: Hayo ni yako. Si lazima umjibu mtu.

FUNDI: Mama aliambiwa?

MUUGUZI: Hapana. Aliuliza kama umekuja. Nikamwambia umekuja, umeshatoa. Akasema, "Huyo ndiye mwanangu."

FUNDI: [anavuta pumzi] Sawa. Kesho nitakuja.

MUUGUZI: Fundi, usikate. Una mke?

FUNDI: Ninaye. Kwa nini?

MUUGUZI: Ukiweza, mje wote wawili.

FUNDI: Hawezi kukaa huko muda mrefu, dada. Ana mtoto mchanga, ananyonyesha... Dada?

MUUGUZI: Mje naye.

FUNDI: Nani? Mke wangu?

MUUGUZI: Na mtoto. Mje wote. Nitawasubiri mlangoni—

FUNDI: Haya. Wananiita ndani. Haya, dada.