Mlio wa Mti Chunguni

Kwenye basi la kwenda mji wa Tarn Taran, dada mmoja alimfungulia boksi bibi aliyekutana naye kitini, akamwonyesha kipondeo kipya cha chuma chenye matundu.

"Mzee Bachittar, baba mkwe wangu, amebakiwa na meno mawili. Tangu mama mkwe afariki hagusi majani ya haradali ninayopika. Hiki kitayalainisha kama malai, ule utando mzito wa maziwa."

"Hicho ni cha viazi, mwanangu. Haradali hupondwa kwa mchi wa mti, ndani ya chungu."

"Mti unachosha mikono, bibi!"

"Mikono yenu huchoshwa na simu tu."

Nyuma yao nilicheka kimyakimya, mimi ambaye maisha yamenifundisha kula chochote nisiulize kimepondwa na nini.

"Marehemu alikuwa akimwitaje mumewe aje kula?" bibi akauliza.

Dada akafikiri. "Hakumwita. Mzee akisikia mama anaponda, anakuja mwenyewe, anakaa, anauliza siagi iko wapi."

Bibi akagonga ubao wa kiti kwa ngumi, du, du, du, polepole, kama mtu mwenye chungu mbele yake. Nikamkumbuka mama yangu, na njaa ikaniuma papo hapo.

"Lakini meno ni mawili, bibi," dada akasema, sauti imempungua.

"Na masikio amebakiwa na mangapi?"

Basi likasimama. Dada akashuka, akasimama kando ya barabara, akaligonga boksi lake kwa vidole, akasikiliza.