Mpira wa Kusikiliza wa Mzee Yusufali

Kijiwe cha Isevya, mjini Tabora, kilikuwa benchi moja la mninga lililoegemea ukuta wa duka la Mzee Yusufali, na Nassibu akishatua birika lake la kahawa hapo baada ya swala ya alasiri, baraza limefunguliwa. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni na kashata zimebaki hadithi, kwa hiyo watu walikunywa kahawa chungu na kutia chumvi kwenye maneno. Yusufali kwa kawaida alisikiliza tu kutoka mlangoni. Siku hiyo alitoka na kisanduku cheusi cha plastiki amekikumbatia, akaketi katikati ya benchi. Mfukoni alikuwa na barua, na jibu lake alikuwa amelitafuta siku tisa bila usingizi wa maana.

Barua ilitoka Kanada kwa mwanawe Malek, aliyeondoka Tabora miaka kumi iliyopita. Yusufali aliwasomea kipande: “Baba, tangu mama afariki uko peke yako. Sema neno nikukatie tiketi. Kwa sasa pokea mchezo wa Jaffer. Yeye siku hizi anachezea kwenye kompyuta.” Jaffer ni mjukuu wa miaka saba ambaye Yusufali alimjua kwa picha tu.

Yusufali: Mimi sitaki kwenda. Mke wangu Bachubai nimemzika hapa, na mimi nataka kulala hapo hapo pembeni yake. Ila mtoto namtaka. Sasa niambieni, mchezo wa kisanduku hiki na ule wa kompyuta ni mmoja? Kama ni mmoja, nitacheza na mjukuu wangu nikiwa hapa Isevya, na Malek nitamwandikia kwamba sitoki.

Swali lilimwendea Masolwa, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Volti. Alikigeuza kisanduku. Kilikuwa na vishikio viwili vilivyofungwa kwa waya, kila kimoja na kitufe cha mviringo cha kuzungusha kwa kidole gumba.

Volti: Waya huu ni wa televisheni. Na televisheni ziko Zanzibar, huku bara hakuna.

Ofisini: Basi mzee avuke maji.

Huyo alikuwa Wenceslaus. Aliwahi kufagia ofisi moja ya serikali huko Dar es Salaam, na tangu arudi hajawahi kumaliza kikombe bila kuitaja, ndiyo maana wakamwita Ofisini.

Volti: Subiri kwanza. Kina tundu la betri. Sita, zile kubwa.

Betri sita mwaka ule zilikuwa mali. Nassibu alikuwa nazo mbili za tochi, amezianika juani tangu asubuhi ili zirudishe nguvu. Volti akazitoa nne ndani ya redio yake mwenyewe.

Ofisini: Na taarifa ya habari?

Volti: Utapata kesho. Habari haziozi.

Akabonyeza kitufe. Kisanduku kikalia: tik. Kimya kidogo. Tok. Kimya. Kisha tiii ndefu, na benchi zima likakiinamia.

Volti: Kumbe sauti iko ndani kwa ndani. Tik ni mpira umepigwa. Tok umegonga ukuta. Tiii umekukosa. Mzee, zungusha.

Yusufali akashika kishikio kimoja, Volti akashika cha pili. Mwanzoni ilikuwa tiii mfululizo. Kisha vidole vikazoea, zikaja tik mbili, zikaja tano. Yusufali akafumba macho. Alishangaa kwamba mpira ambao hauonekani popote yeye aliuona: mweupe, mdogo kama punje ya mtama, unapita juu ya mapaa ya mtaa wa Cheyo, unapotelea kwenye misitu ya miombo ya Sikonge, kisha unarudi kwake pole pole. Hajawahi kuwa na kitu chepesi namna ile mkononi. Aliona raha, na hakuwaficha.

Yusufali: Yuko upande wa pili. Namsikia.

Volti: Upande wa pili niko mimi, mzee.

Ofisini: Na mimi nawaambia kompyuta si hivi. Ile ya ofisini kwetu ilijaa chumba kizima, na chumba chenyewe baridi, unaingia na sweta. Vijana wa zamu walikuwa wanaiandikia neno, nayo inajibu kwenye karatasi: umo porini, maji yamekwisha, unakwenda kulia au kushoto?

Nassibu: Acha fiksi.

Ofisini: Naapa. Niliikuta karatasi nikifagia. Kule mchezo ni maneno, huku ni mpira.

Volti: Hiyo ni ya zamani. Siku hizi watakuwa wameupunguza ukubwa, na mpira wameutia. Tofauti ni nguo tu, mwili ni ule ule. Redio ya mbao na redio ya plastiki si zinasoma habari ile ile?

Yusufali: Kwa hiyo ni mmoja?

Ofisini: Kuna tofauti nyingine. Kompyuta haihitaji mtu wa pili. Inacheza nawe yenyewe. Kisanduku hiki ukikaa peke yako, mpira unaanguka.

Volti: Basi hiki ni cha kijamaa. Vishikio viwili, watu wawili, jasho la pamoja. Kompyuta ndiyo bepari.

Nassibu: Na mimi nitasema. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mzigo kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Aliniambia kila kilichokwenda pwani lazima kilale Tabora. Hata mpira huo, ukitoka Kanada utashukia pwani, utashika njia ya misafara, siku ya tisini uko hapa. Ule uliogonga tok sasa hivi, huenda mtoto aliupiga mwezi wa tatu.

Jua lilikuwa limelainika, barabara imenyamaza, na kwa muda watu wazima wanne waliitazama njia ya mashariki kama kweli kitu kilikuwa kinakuja. Yusufali alikuwa amekwisha kuandika barua kichwani: Malek mwanangu, nashukuru, sitakuja, Jaffer na mimi tunaonana kila alasiri.

Hapo akafika Apolinaria, mama wa Sikonge, anakokota baiskeli yenye debe la asali. Alifuata chumvi dukani, akakuta mwenye duka amefumba macho.

Apolinaria: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Apolinaria: Mnafanya nini?

Nassibu akamweleza yote: mjukuu, kisanduku, kompyuta ambayo haihitaji mtu wa pili. Apolinaria alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye usukani.

Apolinaria: Sasa huko mtoto anacheza na nani?

Ofisini akatazama ndani ya kikombe. Tiii, kikalia kisanduku, kwa sababu hakuna aliyekuwa anazungusha.

Yusufali alifumbua macho. Aliona aibu, aibu safi ya mtu mzima. Siku tisa alikuwa ameuliza kama mtoto anaweza kuletwa kwake bila yeye kuinuka kwenye benchi, na hata mara moja hakuuliza mtoto mwenyewe amekaa na nani. Alikizima kisanduku, akatoa betri moja moja, akamrudishia kila mtu zake.

Volti: Mbona umezima, mzee? Tulikuwa tumefika tik kumi na mbili.

Yusufali: Huko wana umeme na televisheni. Kitacheza vizuri.

Nassibu: Huko wapi?

Yusufali aliingia ndani, akampimia Apolinaria chumvi yake, akarudi mlangoni na kalamu ya kumwandikia Malek akate tiketi.

Ofisini: Na mama Malek je? Utamwacha?

Yusufali: Kesho asubuhi nitakwenda makaburini nimweleze. Mnamjua Bachubai. Angekuwa hai, angekwisha kunifukuza niende.

Nassibu aliinamisha birika juu ya kikombe cha mzee. Yakatoka matone mawili, na machicha.